Uwanja wa Green Point: Mgeni Alikuja, Mwenyeji Je?

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Waliosema hivyo waliifikiria nyumba moja: akija mgeni huchinjwa kuku, na watoto ambao wiki nzima wamekula ugali kwa mchicha nao hupata kipande cha nyama. Lakini je, ndugu msomaji, akialikwa mgeni wa mji mzima, tena mgeni mwenyewe akachagua chumba atakacholala na dirisha atakalotazamia nje, mwenyeji hupona vipi? Na katika mji wenye mitaa ya shibe na mitaa ya dhiki, mwenyeji hasa ni nani?

Swali hilo liliwagawa watu wa jiji la Cape Town, Afrika Kusini, kati ya mwaka 2005 na 2007. Nchi hiyo ilikuwa imepewa, tarehe 15 Mei 2004, heshima ya kuandaa mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 2010, ya kwanza kufanyika katika bara letu. Cape Town ilihitaji uwanja wa kandanda. Ubishi haukuwa juu ya kuwa na uwanja au kutokuwa nao tu. Ulikuwa juu ya mahali: ujengwe wapi, karibu na nani, na mbali na nani. Vitongoji viwili vilishindanishwa. Kimoja kinaitwa Green Point, kingine Athlone. Twende pamoja, msomaji, tuvitembelee vyote viwili, kwa kuwa asiyeviona vyote viwili hawezi kuuelewa ubishi wenyewe.

KITONGOJI KATI YA MLIMA NA BAHARI

Safari yetu na ianzie katika stesheni kuu ya reli, katikati ya mji. Ukitoka hapo utauona Mlima Meza, ule mlima mpana ambao kilele chake kimelala bapa kana kwamba kimepigwa randa na fundi seremala. Siku za kusi kali, wingu jeupe huushukia mlima huo na kuning'inia kama kitambaa cha meza. Sasa uache mlima nyuma, ushike njia ya kuelekea kaskazini magharibi. Mkono wako wa kushoto utakuwa na kilima cha Signal Hill; mbele na mkono wa kulia ipo Bahari ya Atlantiki. Baada ya mwendo wa kilomita mbili na nusu hivi, utakuwa umefika Green Point.

Utakachokiona kwanza ni uwanja. Hauwezi kuukosa. Ni duara kubwa jeupe lenye ukingo unaopanda na kushuka kama wimbi, limevikwa kitambaa cha nyuzi za kioo kinachobadilika rangi kadiri jua linavyosogea: asubuhi mweupe, jioni wa waridi. Paa lake limeezekwa kwa vigae vya kioo vipatavyo 9,000. Nyuma yake kuna mnara wa kuongozea meli wa mwaka 1824, uliopakwa mistari myekundu na myeupe, na kando ya bahari yamepangwa majumba ya ghorofa ambayo kodi ya chumba kimoja kwa mwezi hushinda mshahara wa wafanyakazi wengi wa jiji hilo hilo. Siku ya anga safi, kule baharini huonekana Kisiwa cha Robben, alikofungwa Nelson Mandela na wenzake.

Ardhi unayokanyaga hapo ina historia ndefu kuliko kandanda yenyewe. Tangu zamani palikuwa uwanda wa wazi, usio wa mtu mmoja. Mchezo wa kwanza wa aina ya raga unaokumbukwa katika Afrika Kusini ulichezwa Green Point mwaka 1862. Wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu vilivyoanza mwaka 1899, uwanda ulifanywa kambi ya mateka. Baada ya hapo ukarudia michezo: watu wa Bo-Kaap na District Six, mitaa ya mafundi, wapagazi na wafua nguo, walishuka hapo siku za mapumziko, kucheza na kutazama michezo.

Kisha ikaja Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, iliyoamua nani aishi wapi kwa kutazama rangi ya ngozi yake. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya makaburu ilitangaza District Six kuwa eneo la wazungu tu. Watu zaidi ya 60,000 waling'olewa na nyumba zao zikavunjwa. Walipelekwa nje ya mji, katika uwanda wa mchanga na upepo uitwao Cape Flats. Waliokuwa wakienda kwa miguu hadi Green Point sasa walitengwa nayo kwa kilomita nyingi na nauli ya kila siku.

Shika jambo hilo, msomaji, maana ndilo linalotupeleka Athlone.

KITONGOJI CHA PILI

Panda gari dogo la abiria, mfano wa daladala zetu, lielekealo mashariki kwa barabara ya Klipfontein. Mlima unabaki nyuma, bahari inapotea machoni. Nyumba zinakuwa za chini, kuta zinakaribiana, maduka yanakuwa ya kuuza kuku wa kukaanga, vipuri vya magari na nguo za shule. Hii ndiyo Athlone. Wakazi wake wengi ni wajukuu wa waliohamishwa: watu wa asili mchanganyiko, miongoni mwao Waislamu wengi ambao misikiti yao utaipita njiani. Jirani kuna Langa, kitongoji cha Waafrika kilichofunguliwa mwaka 1927, na Gugulethu.

Athlone ni mahali penye kumbukumbu za uchungu. Tarehe 15 Oktoba 1985, katika barabara ya Thornton, polisi walijificha ndani ya makasha juu ya lori, wakaibuka na kuwapiga risasi vijana waliokuwa wakiandamana. Watatu waliuawa, mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 11.

Lakini pia ni mahali penye kandanda. Uwanja wa Athlone ulifunguliwa mwaka 1972, na hapo ndipo timu ya Santos, iliyotwaa ubingwa wa nchi msimu wa 2001/02, ilipokuwa na mashabiki wake. Benni McCarthy, mfungaji aliyepata sifa hadi Ulaya, alikulia Hanover Park, si mbali na hapo. Ukitaka kujua watu wa Cape Town wanaokwenda kutazama kandanda wanatoka wapi, hapa ndipo pa kuanzia.

Kwa sababu hiyo wakuu wa jiji walipopanga mara ya kwanza hawakuitaja Green Point. Michezo mikubwa ya Cape Town ilitarajiwa kuchezwa Newlands, uwanja wa raga wenye kuchukua watu zaidi ya 50,000 katika kitongoji cha watu wenye nafasi. Halafu mwaka 2005 likaja pendekezo kwamba uwanja wa Athlone upanuliwe, uweze kuchezewa hata robo fainali. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Reli ipo. Wapenzi wa mchezo wapo. Fedha zitakazotumika zitaleta taa za barabarani, vituo vya mabasi, mifereji na kazi mahali ambapo vitu hivyo vilikosekana makusudi kwa miaka mingi. Mashindano yakiisha, uwanja hautakuwa mgeni kwa majirani zake.

JICHO LA TELEVISHENI

Wajumbe wa Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, pamoja na kamati ya maandalizi ya Afrika Kusini, walikuja kukagua. Walipoona Green Point, walipenda. Picha ilikuwa imekwisha kujichora: uwanja mbele, mlima nyuma, bahari kando, na hoteli umbali wa kutembea kwa miguu. Athlone ilikuwa na nini cha kuonyesha? Iliripotiwa magazetini mwaka 2007 kwamba mjumbe mmoja wa FIFA alisema watazamaji bilioni moja wa televisheni hawataki kuona vibanda na umaskini wa kiasi kile.

Tulia kidogo hapo, msomaji. Iwapo maneno hayo yalitamkwa jinsi yalivyoripotiwa, basi uwanja ulikuwa unatafutiwa mahali kwa kufuata jicho la mtu aliyekaa kwenye kochi nchi za mbali, wala si kwa kufuata miguu ya mtu atakayeuendea. Umaskini wenyewe haukuonekana kuwa ni kasoro ya kuondolewa. Kasoro ilikuwa ni kuonekana kwake.

Jiji likaelezwa kwamba likitaka nusu fainali, njia ni Green Point. Penye miti hapana wajenzi: Athlone yenye wachezaji na mashabiki ilibakiziwa kazi ya kuwa uwanja wa mazoezi.

Mwezi Machi 2006 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Uongozi wa chama cha ANC, uliokuwa umekwisha kuikubali Green Point, ulishindwa kwa kura chache barazani, na Helen Zille wa chama cha Democratic Alliance akawa Meya. Naye aliingia ofisini akiwa na mashaka: fedha zitatoka wapi, na nani atalipia hasara? Aliagiza mahesabu yapitiwe upya, akadai mchango wa walipa kodi wa jiji uwekewe kikomo. Miezi ikapita. Kila wiki iliyokwenda ilikuwa wiki ya ujenzi iliyopotea, na serikali kuu ilihimiza. Mwishowe jiji lilikubali. Mwezi Machi 2007 matingatinga yaliingia.

WALIOKATAA NA SABABU ZAO

Usidhani kwamba wakazi wa Green Point walishangilia. Wengi wao walipinga kwa nguvu. Walisema uwanda ni mali ya umma iliyoachiwa jiji kwa mapumziko ya watu, na haifai kuubana kwa zege. Walisema uwanja mrefu kiasi cha ghorofa 15 utaziba bahari na mlima. Magari yatajaa, kelele zitawasumbua wagonjwa wa hospitali kongwe ya Somerset iliyo jirani. Walikwenda hadi mahakamani, ingawa ujenzi haukuzuilika.

Wengi wa wapinzani hao walisema vilevile: kwa nini msijenge Athlone, wanakohitaji maendeleo?

Hapo ndipo ubishi ulipokuwa mgumu, na hapo ndipo unapostahili kufikiriwa kwa utulivu. Hoja ilikuwa ya haki, lakini baadhi ya vinywa vilivyoitamka vilitiliwa shaka. Je, tajiri anayesema uwanja upelekwe kwa maskini anamwonea maskini huruma, au anataka vuvuzela zisikike mbali na baraza lake? Wako wananchi weusi na wa asili mchanganyiko waliojibu kwa hasira: sisi tulifukuzwa mjini kwa bunduki na sheria, leo mchezo tunaoupenda umepata nafasi ya kurudi kando ya bahari, nanyi mnatuambia ubaki huko huko Cape Flats? Kwao wao Green Point haikuwa anasa. Ilikuwa ni kurudi.

Hoja hiyo nayo ina uzito wake. Mji uliogawanywa kwa makusudi hauunganishwi kwa kuwapelekea watu kila kitu pale pale walipotupwa. Huunganishwa pia kwa kuwafungulia mahali walipofungiwa. Lakini waliotaka Athlone walikuwa na jibu: kufunguliwa mlango ni kitu kimoja, kupata nauli ya kuufikia mlango na fedha ya tiketi ni kitu kingine.

Kibali cha mazingira, kilipotolewa, kilikuja na masharti. Uwanda uliobaki ulindwe, ifanywe bustani ya wananchi wote, na uwanja usigeuzwe ovyo kuwa soko la biashara. Kwa hiyo kelele za wapinzani, ingawa hazikuusimamisha uwanja, hazikupotea bure. Tutaona baadaye zilizaa nini.

WAJENZI

Kazi ilifanyika kwa muda wa miezi 33. Watu wapatao 2,500 walifanya kazi hapo, wafunga nondo, waendesha winchi, waunganisha vyuma, wapishi wa zege, katika pepo za bahari ambazo mara nyingine zilisimamisha winchi kwa siku nzima.

Tarehe 8 Julai 2009, wakati viwanja vyote vya nchi vilikuwa katika hatua za mwisho, wafanyakazi wa ujenzi wapatao 70,000 kote Afrika Kusini waliweka zana chini. Walidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 13. Walijua, kama ajuavyo kila mfanyakazi, kwamba kazi yenye tarehe isiyosogezwa ndiyo yenye nguvu ya kuzungumza. Baada ya wiki moja hivi walikubaliana kwa asilimia 12, wakarudi kazini. Huenda hawa ndio watu wa tabaka la chini ambao faida ya Kombe la Dunia waliishika mkononi, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ya muda, na Desemba 2009 uwanja ulipokamilika wengi walirudi kutafuta kibarua kingine.

Gharama ilikuwa imepanda tangu makadirio ya kwanza hadi kupita randi bilioni nne, sehemu kubwa ikitoka katika hazina ya taifa. Hesabu hiyo ndiyo iliyowauma watu waliokuwa kwenye orodha ya kungojea nyumba. Katika mji huo huo, kando ya barabara kuu itokayo uwanja wa ndege, maelfu ya familia ziliishi katika vibanda vya mabati na mbao, na serikali ilikuwa inavutana mahakamani na wakazi wa Joe Slovo, Langa, waliotakiwa kuhama kupisha majengo mapya.

SIKU ZA SIKUKUU

Haki isemwe: sikukuu ilifana. Tangu sare ya Ufaransa na Uruguay tarehe 11 Juni 2010 hadi nusu fainali, michezo minane ilichezwa Green Point. Ureno iliifunga Korea Kaskazini mabao 7 bila. Uingereza na Algeria zilitoka bila bao, na Waingereza wakazomewa na watu wao wenyewe. Tarehe 3 Julai Ujerumani iliifunga Argentina ya Maradona mabao 4 bila jibu.

Tiketi za bei ya chini, zilizotengewa wenyeji wa nchi, ziliuzwa randi 140. Wengine hawakununua tiketi kabisa. Walitoka Athlone, Langa na Mitchells Plain kwa treni hadi stesheni kuu, kisha wakatembea na umati ile njia tuliyoifuata sisi mwanzoni, wakipiga vuvuzela na kucheza ngoma. Kwa mwezi mmoja, katikati ya mji palionekana watu wa kila rangi wakienda upande mmoja kwa miguu. Hilo halikuwa jambo dogo katika mji ule.

Njia hiyo, msomaji, inapita kando ya jengo dogo ambalo mgeni mwenye haraka hulipita bila kuliona. Mwaka 2003, wajenzi waliokuwa wakichimba msingi wa majumba ya kifahari katika mtaa wa Prestwich, Green Point, walifukua mifupa ya binadamu. Yalikuwa makaburi ya watu ambao mji wa zamani haukuwapa nafasi katika viwanja vya makanisa, miongoni mwao watumwa. Watumwa wa Cape waliletwa kutoka Bara Hindi na visiwa vya Mashariki ya Mbali, Madagaska na Msumbiji, na wako waliotoka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mabaki yao sasa yamehifadhiwa katika nyumba ya kumbukumbu hapo hapo. Hivyo hata ubishi wa nani ana haki na ardhi ya Green Point ulikuwa na wazungumzaji wengine, walio kimya chini ya udongo.

Na nusu fainali? Bara zima lilitumaini kuiona Ghana. Aliyeshinda kati ya Ghana na Uruguay kule Johannesburg, tarehe 2 Julai, ndiye aliyekuwa aje Cape Town. Unakumbuka mkono wa Suárez kwenye mstari wa goli, na penalti ya Gyan iliyogonga mwamba. Tarehe 6 Julai, Green Point ikawapokea Uruguay na Uholanzi; Uholanzi ikashinda kwa mabao 3 kwa 2. Wageni wakafunga mizigo yao, wakaondoka.

BAADA YA WAGENI

Jiji lilikuwa limetafuta kampuni ya kuuendesha uwanja kwa mkataba wa miaka mingi. Mwezi Oktoba 2010, miezi mitatu tu baada ya nusu fainali, kampuni hiyo ilipiga hesabu ikaona hasara, ikajitoa. Uwanja ukarudi mikononi mwa halmashauri, yaani mikononi mwa walipa kodi. Timu ya Ajax Cape Town ilicheza hapo mbele ya viti vitupu. Matamasha ya muziki yalikuja na kupita. Mwaka hadi mwaka jiji lilifidia hasara ya makumi ya mamilioni ya randi, na wako waliosema hadharani kwamba ni afadhali ubomolewe.

Haukubomolewa. Mwaka 2021 timu ya raga ya Stormers iliiacha Newlands, ikahamia Green Point, na uwanja ukapewa jina la kampuni iliyoudhamini. Tarehe 18 Juni 2022 Stormers waliwafunga Bulls hapo kwa pointi 18 kwa 13, wakatwaa ubingwa. Uwanja umepata mpangaji. Lakini angalia ni mpangaji gani. Uliojengwa kwa jina la kandanda unategemea raga, na waliougharamia kwa jina la kuwarudisha watu wa Cape Flats mjini bado hawajaweka treni ya uhakika ya kuwafikisha.

Kuna jambo moja lililokwenda vizuri kupita matarajio, nalo si uwanja. Ni bustani. Mwaka 2011 sehemu ya ule uwanda ilifunguliwa kuwa bustani ya umma, isiyo na kiingilio. Maji yake hutoka katika chemchemi za Mlima Meza, ambayo zamani yalikuwa yakipotelea baharini. Leo yanaongozwa kwa bomba hadi kwenye vidimbwi na nyasi. Jumapili utakuta familia zimetandika mashuka, watoto wa kila mtaa wanapanda bembea zile zile, bibi wa Kiislamu anagawa sambusa. Bustani hiyo ni tunda la masharti yaliyotokana na ubishi. Kama watu wangenyamaza, huenda pangekuwa na maegesho ya magari.

Na Athlone? Ulikarabatiwa ule uwanja wake ukawa wa mazoezi, ukatiwa viti na paa, na timu za nyumbani ziliendelea kuutumia. Katika kitongoji hicho ilikuwako minara miwili mikubwa ya kupozea maji ya kituo cha umeme cha zamani, alama iliyoonekana kutoka mbali na kupendwa na wakazi. Tarehe 22 Agosti 2010, wiki chache baada ya kombe, ilipigwa baruti ikaanguka. Watu walitoka kuitazama. Kwa siku hiyo moja, jicho la televisheni lilifika Athlone.

SWALI LA KWETU

Wakazi wa Dar es Salaam wanaweza kulitazama jambo hili wakiwa na mfano wao wenyewe. Uwanja wetu mkubwa, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa kwa jina la Hayati Benjamin Mkapa, ulifunguliwa mwaka 2007 huko Temeke, jirani na ule wa Uhuru iliposhushwa bendera ya mkoloni Desemba 1961. Haukupelekwa ufukweni apendapo mtalii. Umezungukwa na Chang'ombe, Keko na Mtoni, nyumba za wafanyakazi na mama lishe. Tarehe 7 Juni 2010, siku nne kabla ya Kombe la Dunia kuanza, Brazili ilikuja kucheza hapo ikatufunga mabao 5 kwa 1, na mashabiki walirudi nyumbani kwa miguu. Siku Simba na Yanga zinapokutana, muuza karanga wa Keko hahitaji kibali cha mgeni ili afike kwenye wateja wake. Viti 60,000 vinajaa kwa kuwa wenye kuvikalia wanaishi karibu au wanajua basi la kupanda.

Hatusemi kwamba kwetu kila kitu kilipangwa kwa busara. Foleni ya siku ya mchezo inajulikana. Tunasema tu kwamba mahali pa uwanja hupima nia ya waliojenga. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa pamoja haki ya kuandaa mashindano ya Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027, na Arusha ikachaguliwa ijengewe uwanja mpya wa watu 30,000. Kila uwanja wa namna hiyo huja na michoro mizuri, ambayo daima ina mlima nyuma na haina kibanda hata kimoja.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapoitwa kwenye mkutano wa mtaa na kuonyeshwa mchoro kama huo, uliza maswali ambayo watu wa Cape Town waliulizana. Nani atacheza hapa Jumamosi ya kawaida, mwezi wa pili baada ya wageni kuondoka? Atafika kwa basi gani, kwa nauli kiasi gani? Anayeuza mihogo kando ya barabara atahamishiwa wapi, na atarudi lini? Hasara ikitokea, nani atailipa? Na ile ardhi itakayobaki, watoto wataruhusiwa kuichezea? Maswali hayo hayaharibu sherehe. Huko Green Point ndiyo yaliyoacha bustani.